Kioo cha kompyuta chaingia ghalani: Kilwa na Lindi wanunue kipi?

MNADA wa ufuta na korosho katika mwambao wa Lindi umebadilika sura. Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, wakazitumbukiza katika sanduku, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Tangu mwaka 2024 minada hiyo imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei sasa hushindanishwa kwenye kompyuta. Aidha, Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta mfumo wake wa kusimamia vyama, unaojulikana kama MUVU, ambao nao haufanyi kazi kwa kalamu. Karani wa chama cha msingi (AMCOS) aliyezoea daftari kubwa la mistari leo anatakiwa akae mbele ya kioo.

Safari hii haikuanza jana. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na katika msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo kabla haujaenea Lindi na mikoa mingine. Tangu hapo gunia la mkulima limekuwa likisafiri na maandishi yake: uzito, daraja, makato, namba ya akaunti ya benki. Kilichobadilika ni kwamba maandishi hayo yameingia ndani ya mashine. Mkulima aliyekuwa akichungulia daftari la karani kutoka upande wa pili wa meza, sasa anaona mgongo wa kompyuta tu. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, fedha haziingii, na yeye ndiye atakayelala Lindi mjini akifuatilia.

Kwa hiyo swali la kioo gani kinunuliwe na kiwekwe wapi si la mafundi peke yao. Ni la wanachama wanaolipia kioo hicho kwa makato ya kila kilo.

Kuna jambo la pili linalofanya swali hili liwe la wakati huu. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida ya kuilinda programu yake ya Windows 10. Programu iliyoifuata, Windows 11, haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Ofisi za Ulaya na Marekani zinapoondoa kompyuta za namna hiyo, mara nyingi kompyuta ya mezani huondoka pamoja na kioo chake. Biashara ya kompyuta za mtumba, ile inayopitia Dubai na bandari ya Dar es Salaam hadi Kariakoo, huishi kwa mizigo kama hiyo.

Hapa mnunuzi wa Kilwa Masoko au Lindi atenganishe vitu viwili. Kompyuta iliyokataliwa na Windows mpya ina dosari ya kweli kwa mtu atakayeitumia kuingia benki au kwenye mifumo ya mauzo, kwa kuwa haipati tena kinga mpya kwa utaratibu wa kawaida. Kioo hakina dosari hiyo. Monita haijui Windows ipi imewashwa. Inapokea picha na kuionyesha, basi. Monita bapa ya mwaka 2014 iliyotunzwa vizuri katika ofisi ya watu wengine inaweza kumhudumia karani wa Kilwa Kivinje kwa miaka kadhaa, na kwa maoni yangu ndicho kifaa cha mtumba ambacho mtu mwenye fedha kidogo anaweza kukinunua kwa hofu ndogo kuliko vyote vilivyo juu ya meza ile. Sharti ajue anachokiangalia.

Lakini kabla ya yote, mfanyabiashara mdogo ajiulize kama anakihitaji. Mwenye duka la bidhaa thelathini pale Somanga anayepokea malipo kwa simu hana sababu ya kununua kompyuta ya mezani ili ajisikie amekwenda na wakati. Daftari na simu vinamtosha. Na yule mwenye kompyuta mpakato iliyovunjika kioo asikimbilie kubadilisha kioo hicho kwa bei ya fundi. Aulize kwanza bei ya monita ya mtumba. Akiichomeka pembeni, kompyuta yake inarudi kazini siku hiyo hiyo, ingawa haitabebeka tena.

Umeme ndio mwamuzi

Wauzaji hupenda kutaja inchi. Ukiingia dukani utaambiwa hii ni inchi 19, ile 22, ile kubwa 24, na bei inapanda nazo. Kwa mtu wa mwambao wa kusini swali la kwanza lilipaswa kuwa la umeme.

Ikumbukwe kwamba mikoa ya Lindi na Mtwara ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara, huku Kilwa ikiwa na kituo chake kidogo pale Somanga. (Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, imekuwa ikisafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Wazee wa Kilwa wana maneno yao kuhusu hilo.) Mtambo ukiharibika, giza liliingia katika maeneo mengi kwa pamoja, na umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachoua vifaa.

Monita ya zamani, ile ya chogo, ya inchi 17 hutumia takriban wati 75. Monita bapa ya leo yenye taa za LED, ya inchi 22, hutumia wati 20 hivi. Tuchukue karani anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Chogo litakula uniti 15.6, bapa itakula uniti 4 na kidogo. Tofauti ni zaidi ya uniti 11 kila mwezi. Kwa mtumiaji mdogo wa biashara ambaye uniti moja pamoja na kodi na tozo inamfikia kwa kama Sh350, hizo ni Sh4,000 kwa mwezi, au Sh48,000 kwa mwaka. Kwa hiyo anayepewa monita ya chogo bure asidhani amepewa bure.

Kwa vijiji vinavyotumia umeme wa jua hesabu ni kali zaidi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Chogo moja kwa saa 8 linamaliza zote 600 kabla hata kompyuta yenyewe haijawashwa. Bapa inachukua 160.

Ndani ya monita bapa zenyewe kuna aina mbili ambazo muuzaji hazitaji asipoulizwa. Za zamani huwa na taa nyembamba za mirija nyuma ya kioo, taa zenye zebaki ndani, na zikichoka rangi huwa ya njano au wekundu wa kufifia. Za baadaye zina LED, hazina zebaki na zinakula umeme kidogo zaidi. Geuza monita usome kibandiko cha nyuma: mwaka wa kutengenezwa huwa umeandikwa pale. Iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2010 ina uwezekano mkubwa kuwa ya mirija. Zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina tatizo lingine la ziada, kwani kipindi kile viwanda vingi duniani vilitumia kapasita mbovu ambazo huvimba na kupasuka. Monita inayowaka sekunde mbili kisha ikazima picha huku taa ya mbele ikiendelea kuwaka, fundi yeyote atakwambia ni mirija au sakiti inayoiwasha. Usiinunue hata kwa bei ya soda.

Kibandiko hicho hicho kitakwambia jambo ambalo mimi ningeliweka juu ya inchi zote, nalo ni umeme unaingiaje. Monita nyingi za maofisini hupokea waya wa umeme moja kwa moja na kuubadilisha tumboni mwake. Nyingine zina adapta ya nje, kama ya kompyuta mpakato. Radi au kishindo cha umeme kikipiga aina ya kwanza, monita yenyewe ndiyo inayopelekwa kwa fundi, na fundi anayeweza kuifungua anaweza kuwa Mtwara au Dar es Salaam. Kikipiga aina ya pili, mara nyingi inayokufa ni adapta, na adapta inatumwa kwa basi. Jambo la kuzingatia ni kwamba adapta hazifanani: nyingine ni volti 12, nyingine 14, nyingine 19. Ukichomeka isiyo yake umeiua monita mwenyewe. Iandike volti yake kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa monita siku ile ile unayoinunua.

Wapo wanaoshawishika kuichomeka monita ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri inapojaa hupanda hata kupita volti 14, kwa hiyo kazi hiyo ni ya fundi mwenye kifaa cha kusawazisha volti. Asikudanganye mtu kwamba namba 12 na 12 zimelingana.

Chumvi, vumbi na salfa

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula shaba. Kila mwenye bati Kilwa Masoko anajua. Katika kompyuta ulaji huanzia kwenye matundu ya kuchomekea waya, ndiyo maana monita ya mtumba iliyokaa miaka miwili katika duka la ufukweni ni tofauti na iliyoshushwa juzi kutoka kwenye kontena. Chungulia matundu kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani au unga mweupe, rudisha mezani.

Hatari ambayo haizungumzwi ni salfa. Maghala mengi ya vyama hupokea salfa ya unga kwa ajili ya ubwiriunga wa mikorosho, na ofisi ya chama mara nyingi ni chumba kilicho ndani ya ghala hilo hilo. Salfa hushambulia shaba na fedha zilizomo katika sakiti za vifaa vya umeme, na kwenye joto na unyevu wa pwani kazi hiyo inakwenda haraka. Kompyuta isikae chumba kimoja na mifuko ya salfa hata kwa wiki moja ya mgawo. Kama chumba ni kimoja tu, basi mifuko ndiyo itafutiwe pengine, kwa sababu hata afya ya karani inadai hivyo.

Kufunika monita kwa kitambaa baada ya kazi ni jambo jema, ila isubiriwe ipoe. Mfuko wa plastiki unaofunga kabisa hutunza unyevu ndani. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevunyevu wa maji tu; dawa za kusafishia vioo vya madirisha huharibu ngozi ya juu ya kioo bapa. Na monita isiyotumika msimu mzima iwashwe mara kwa mara, kwani joto lake lenyewe ndilo linaloikausha.

Inchi na umbo

Turudi kwenye inchi, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na mshazari unaficha umbo. Monita ya inchi 19 ya mraba, ile ya kizamani ya maofisini, ina urefu wa kwenda juu wa sentimeta 30. Monita pana ya inchi 22 ina sentimeta 27 tu kwenda juu, ingawa upana wake unafika karibu 49 dhidi ya 38 za ile ya mraba. Na pana ya inchi 18.5, ambayo wauzaji huiita 19, ina sentimeta 23.

Karani wa AMCOS anasoma nini? Anasoma orodha ya majina inayoshuka chini, na kila jina lina safu za kwenda pembeni: kilo, daraja, makato, malipo halisi. Kwa orodha, mraba wa 19 unaonyesha majina mengi kwa wakati mmoja kuliko hiyo pana ya 18.5, na bei yake ya mtumba kwa kawaida iko chini kwa sababu watu wa mjini wameikinai. Ila ina nukta 1,280 tu kwa upana, na kurasa za siku hizi hutengenezwa kwa vioo vipana, kwa hiyo safu za mwisho zinaweza kukatika. Mwenye uwezo achukue pana ya inchi 22 yenye nukta 1,920 kwa 1,080. Asiyekuwa nao achukue mraba wa 19. Pana ya 18.5 yenye nukta 1,366 kwa 768 ndiyo ninayoishauri kidogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayojaa madukani.

Na televisheni? Wengi huuliza kwa nini wasinunue televisheni bapa ya inchi 32, wapate kioo cha kompyuta na cha kutazamia mpira. Televisheni nyingi za bei nafuu za ukubwa huo zina nukta zile zile 1,366, ila zimetawanywa kwenye upana wa sentimeta 70. Ukikaa karibu nayo herufi zina ukungu na macho yanachoka. Kwa kazi ya mezani haifai. Kwa ukuta wa ghala siku ya mnada, watu hamsini wakitaka kuona bei, inafaa sana.

Matundu ya nyuma yasisahauliwe. Monita za zamani zina VGA, tundu la buluu lenye vishimo 15. Kompyuta nyingi mpya zina HDMI au DisplayPort tu. Vipo vigeuzi, lakini cha kutoka HDMI kwenda VGA ni kifaa chenye sakiti ndani, na zile za bei rahisi hufa mapema. Nenda dukani na picha ya mgongo wa kompyuta yako katika simu, umwonyeshe muuzaji. Monita yenye VGA na HDMI pamoja ndiyo ya kutafuta, kwa kuwa itafaa kompyuta uliyonayo na ile utakayonunua baadaye.

Kariakoo ni mbali

Mnunuzi wa Dar es Salaam akiuziwa kibovu anarudi kesho yake. Wa Lindi yuko umbali wa kilomita 450 hivi, na barabara ni moja. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipobomoa madaraja na kukata barabara hiyo upande wa Somanga, magari yalikwama kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ukaguzi wote unafanyika dukani, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Taka monita iwashwe dakika 20, si mbili, na isiwashwe na picha ya maua ambayo muuzaji huipenda kwa sababu inaficha kila kitu. Fungua ukurasa mweupe mtupu: madoa, michirizi na unjano vitajitokeza. Kisha weka picha nyeusi tupu: nukta zilizokufa zikabaki zinawaka zitaonekana kama nyota. Nukta moja pembeni si neno na inaweza kuwa sababu ya kupunguziwa bei. Michirizi ya wima ni ugonjwa usiopona. Bonyeza kila kitufe. Tikisa kidogo waya wa picha pale ulipochomekwa uone kama picha inacheza.

Muuzaji atasema ina dhamana ya mwezi. Aiandike kwenye risiti, na risiti iwe ya EFD yenye jina la kifaa na namba yake, si karatasi ya kuandikwa "vifaa vya ofisi". Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini malalamiko bila karatasi ni maneno matupu, na mkaguzi wa chama naye ataitaka karatasi hiyo hiyo. Dhamana nzuri kwa mtu wa kusini ni ile inayosema nani atalipa nauli ya kifaa kurudi. Kwa sababu hiyo naona muuzaji wa Lindi au Mtwara mjini anayezidisha bei kidogo lakini anabadilisha kifaa papo hapo ana nafuu kuliko Kariakoo kwa wengi wetu.

Ukinunua Dar es Salaam, usiikabidhi kwenye buti la basi pale Mbagala bila kuifunga. Monita isafiri imesimama wima, kioo kikitazamana na boksi gumu, stendi imefunguliwa. Ikilazwa, kuna mtu atakayeweka gunia la mchele juu yake kabla ya kufika Nangurukuru.

Kioo cha mkulima

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwa bei ni dogo kuliko yote. Kompyuta nyingi za mezani za ofisini zina matundu mawili ya picha au zaidi, na zinaweza kuendesha monita mbili kwa pamoja, moja ikionyesha kile kile kinachoonekana kwenye nyingine. Mraba wa inchi 17 wa mtumba, ambao hakuna anayeutaka mjini, ukiwekwa upande wa pili wa meza ukamtazama mkulima, unarudisha ile haki ya kuchungulia daftari. Mkulima anaona jina lake, kilo zake, makato na namba ya akaunti kabla karani hajabonyeza kutuma. Asiyejua kusoma huja na mtoto wake au jirani. Maduka makubwa ya mijini yamekuwa yakimgeuzia mteja kioo kidogo kwa miaka mingi. Ghala linaloshika mapato ya mtu ya mwaka mzima halina sababu ya kumnyima.

Karani awe mwangalifu kwa jambo moja: kioo cha mkulima kionyeshe ukurasa wa mtu mmoja kwa wakati mmoja, si orodha nzima ya akaunti za wenzake waliopanga foleni nyuma yake.

Ufuta huanza kuingia maghalani kuanzia Mei na Juni, na korosho Oktoba. Ununuzi wa namna hii hupitia makisio ambayo wanachama huyajadili katika mkutano mkuu. Ni vizuri monita ya karani na ya mkulima ziandikwe humo kama vitu viwili, kila kimoja na bei yake, pamoja na stabilaiza moja na adapta moja ya akiba.